Kabla hujaiamini apu, fuata sahani moja ya pilau

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani Buguruni na shilingi milioni 2 alizozidunduliza kwenye bodaboda. Alitaka kuziweka kwenye kampuni ya apu ya kusafirisha vifurushi. "Shangazi, hawa watu wana thamani ya dola milioni 10!" Nikamwuliza wanabakiwa na shilingi ngapi kwenye kifurushi kimoja. Kimya. Nikamwambia akae, nikavuta daftari.

Nimefunga hesabu za maduka ya Kariakoo kwa miaka 19. Kampuni hizi nazikagua kama ninavyomkagua mtu anayeomba mali kauli, na hatua ya kwanza ni ileile: chukua muamala mmoja tu, uandike nani ametoa nini na nani amepokea nini.

Mfano wangu ni wa mgahawa wa Ilala ninaouandikia vitabu. Walijiunga na apu moja ya chakula, ambayo sitaitaja. Sahani ya pilau 8,000. Apu inakata kamisheni 2,000, mgahawa unapokea 6,000. Mteja anaongeza 1,000 ya kuletewa, lakini ana ofa ya kupunguziwa 2,000, kwa hiyo anatoa 7,000 tu. Bodaboda analipwa 3,000. Jumlisha sasa: zimeingia 7,000, zimetoka 9,000. Kila sahani inaondoka na 2,000 za mwekezaji, na hapo bado hujalipa ofisi, makato ya kutuma pesa, wala vijana wanaopokea simu za malalamiko.

Ukiwauliza, watakwambia wingi utafidia. Hapo usibishane, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika gharama zinazopungua wateja wakiongezeka, upande wa pili zisizopungua. Kuandika programu kunapungua kwa kila mteja, kweli. Bodaboda hapungui, labda abebe sahani 3 za mtaa mmoja kwa safari moja, na pilau haisubiri. Sahani 100 zitakuwa hasara ya 200,000, basi. Ofa ilipokwisha baada ya miezi 8, oda zikakauka. Walipofunga, mgahawa ulikuwa unawadai mauzo ya wiki 2, na bado naliandika deni hilo kila mwezi kwa kalamu nyekundu.

Usidhani ni sisi tu. Marekani, Agosti 2017, MoviePass ilianza kuuza uanachama wa dola 9.95 kwa mwezi, mtu anaangalia sinema moja kila siku. Tiketi moja kule ilikuwa karibu dola 9, na kampuni ilizilipia kumbi bei kamili. Mteja akienda mara ya pili tu, hasara. Watu walikwenda, wengine karibu kila wiki. Septemba 2019 huduma ikafungwa. Mtoto wa darasa la tano angeipiga hesabu ile, ila mtoto hakuulizwa.

Hatua ya pili ni kutenganisha mauzo yanayopita na mapato yanayobaki. Dalali wa kiwanja cha milioni 40 hasemi ameingiza milioni 40. Chukua Jumia, kampuni ya maduka ya mtandaoni, iliyoingia soko la hisa la New York Aprili 2019. Kwa mwaka 2018 bidhaa zilizopita mikononi mwake zilikuwa za euro milioni 828 hivi. Mapato yake yenyewe yalikuwa kama milioni 129, na hasara kama milioni 170. Namba tatu za mwaka mmoja, na kwenye mabango utaona ile kubwa. Novemba mwaka huohuo wa 2019 wakafunga biashara yao hapa Tanzania.

Hizo namba si za siri. Kampuni inayouza hisa Marekani hulazimika kuweka waraka wa hesabu zake kwenye tovuti ya SEC, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, sehemu iitwayo EDGAR, na kuusoma ni bure. Ruka picha za watu wanaocheka. Nenda kwenye sehemu ya hatari, ambako mawakili huandika ukweli ili baadaye wasishtakiwe: Uber iliandika 2019 kwamba huenda isipate faida. (Ikapata, faida ya uendeshaji ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza 2023, baada ya kuanzishwa 2009. Kwa hiyo hasara peke yake si kesi. Uliza itaisha kwa njia gani, na nani atalipa bei ikipanda.)

Ukikutana na neno "faida iliyorekebishwa", funga kalamu, uliza wameondoa gharama zipi. WeWork ilipata hasara ya dola milioni 933 mwaka 2017. Wakabuni kipimo chao, wakaondoa hata gharama za masoko na utawala, ikasomeka faida ya milioni 233. Na biashara yenyewe ilikuwa nini? Kukodi jengo kwa miaka mingi, kulikata vipande, kupangisha kwa mwezi. Kariakoo watu wanafanya hivyo na fremu tangu zamani, na hakuna aliyewaita kampuni ya teknolojia. Januari 2019 ilitajwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 ikaomba kinga ya kufilisika.

Thamani hiyo nayo ieleweke. Mtu akitoa dola milioni 1 kwa asilimia 10, watasema kampuni ni milioni 10. Hizo 9 nyingine hakuna aliyeziweka mezani.

Kampuni za hapa ambazo haziko sokoni hazina waraka wa kusoma, kwa hiyo tumia miguu. Agiza kitu. Tunza risiti. Mwulize kijana wa boda amelipwa ngapi, mwulize muuzaji amekatwa ngapi na analipwa baada ya siku ngapi. Rudia baada ya mwezi, uone ofa zimebaki au la.

Mpwa wangu aliondoka saa kumi akaagiza chaja ya 12,000 kwa apu ileile. Jioni alirudi na risiti, akaandika mwenyewe kwenye daftari langu: usafiri bure, boda kalipwa 3,500, kamisheni 1,200. Akapiga mstari chini, akauliza kama chenji ya nauli ninayo.