Jinsi ya kufuga viumbe wa kidimbwini ndani ya chupa bila kuwaua kwa chakula

Chupa yangu ya kwanza ilikufa siku ya nne. Nilikuwa nimechota maji kwenye bwawa la samaki la rafiki yangu upande wa Kikuyu, na chini ya hadubini niliona paramesia, viumbe wa seli moja, wakijizungusha kama pia, na rotifa, vinyama vidogo mno, wakitikisa vichwa. Nikafurahi, nikawatilia kijiko kizima cha mchele uliochemshwa. Siku ya nne maji yalikuwa na ukungu mzito, yakinuka yai viza, na hakuna aliyesogea.

Paramesia hali mchele. Anakula bakteria, na bakteria ndio wanaokula mchele. Ukizidisha chakula, bakteria huzaliana kupita kiasi, huimaliza oksijeni ya maji, na wafugwa wako hukosa pumzi. Hapa Nairobi jambo hili ni zito kuliko Mombasa, kwa kuwa jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Kwenye joto la nyuzi 20, lita moja ya maji pwani inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Hapa inabeba kama 7.5. Kwa hiyo kila hatua ninayoeleza hapa chini inailinda hiyo oksijeni.

Hatua ya 1: Chupa na maji

Tafuta chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana, za jemu au mayonesi, za karibu nusu lita. Zioshe kwa maji moto na brashi, bila sabuni. Chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya kutia nguo weupe usiitumie kabisa.

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji wa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na hutiwa klorini ili kuua vijidudu, wakiwemo hawa unaotaka waishi. Yamimine kwenye karai pana, funika kwa neti tu, uyaache siku mbili. Kama mtaani kwenu maji huja kwa mgao na mnayaweka kwenye tangi lililofungwa, usidhani klorini imekwisha kwa sababu yamekaa. Yaanike kwenye karai vivyo hivyo. Maji ya visima virefu vya jijini siyatumii, maana mengi yana floridi nyingi. Yanayonifaa zaidi ni ya mvua, lakini naacha mvua ioshe mabati kwanza kwa robo saa hivi ndipo nikinge.

Hatua ya 2: Kuchota mbegu

Mbegu ni yale maji machache yenye viumbe wa kuanzia. Mto Nairobi unapopita katikati ya jiji umebeba maji taka, na Bwawa la Nairobi pale karibu na Kibera hali ni hiyo hiyo, huko usichote. Bwawa la samaki la mtu unayemfahamu, kidimbwi cha bustani, hata kisahani kilichokaa miezi chini ya chungu cha maua, vinatosha. Ukienda kwenye msitu au kinamasi kinacholindwa, omba ruhusa kwanza.

Vaa gambuti na glavu. Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na kichocho huingia kupitia ngozi. Usichote katikati kwenye maji maangavu. Chota pembeni, penye majani yanayooza na utando wa kijani, kwa sababu chakula chao kiko hapo. Glasi moja inatosha, pamoja na kijani kidogo na tope kiasi cha kijiko cha chai. Baada ya mvua kubwa ngoja siku chache maji yatulie.

Wakati wa kiangazi kidimbwi kikikauka, chukua tope kavu la ukingoni na kuliloweka nyumbani. Wengi wa viumbe hawa, hasa kolpoda, ambao nao ni wa seli moja, hujifungia ndani ya ganda gumu wakingoja maji. Nimewahi kuloweka vumbi la namna hiyo jioni, na kesho yake jioni tayari kulikuwa na kitu kinachoogelea.

Ukifika nyumbani, chuja maji kwa kipande cha kitambaa chepesi. Dafnia na siklopsi, vinyama jamaa wa kaa, ni wakubwa, watabaki kwenye kitambaa. Wafugie chupa yao, maana siklopsi akiachwa humo atawameza wadogo.

Hatua ya 3: Supu ya nyasi

Chukua konzi ndogo ya nyasi kavu isiyopuliziwa dawa. Nyasi ya Kikuyu iliyokatwa na kukaushwa juani inafaa sana. Ichemshe ndani ya lita moja ya maji uliyoyaanika. Maji yetu huchemka kabla hata ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo acha yachemke dakika ishirini. Yakipoa, chuja, gawa kwenye chupa mbili mpaka theluthi mbili ya kimo chake, kisha tia punje mbili za mchele kila chupa. Punje mbili, zimetosha. Chupa ya tatu iache tupu kwa sasa.

Funika kwa neti iliyofungwa kwa mpira, usifunge kwa kifuniko. Neti hiyo inapitisha hewa na kumzuia mbu. Mbu akitaga humo, kwa muda wa wiki moja au siku kumi hivi utakuwa umefuga mbu nyumbani kwako na kwa jirani.

Acha siku mbili. Maji yataingia ukungu kidogo: hao ni bakteria, na meza imeandaliwa.

Hatua ya 4: Kutia mbegu na kungoja

Tia vijiko vitano vya maji yako ya bwawa katika kila chupa. Halafu ngoja, na kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Wiki ya kwanza utaona vitu vidogo mno vinavyotetemeka, kisha kolpoda wenye umbo la figo, ndipo paramesia waje kwa wingi. Baadaye huja vortisela walioshika vikonyo kama maua, na amiba huchelewa kuliko wote. Mwaka 1912 mtafiti wa Marekani, Lorande Loss Woodruff, alieleza mfuatano huu katika supu za nyasi, na mimi nimeuona ukijirudia kwenye dirisha langu. Kwa hiyo usimwage chupa siku ya tano kwa kudhani imeshindikana.

Hatua ya 5: Mahali pa kuweka

Panapofaa ni penye mwanga usio jua kali, joto la nyuzi 18 hadi 24. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupigwa na jua katikati ya mwaka, na la kusini mwezi Desemba. Ukilisahau hilo, chupa iliyokuwa salama Machi itapikwa Juni. Andika lebo kubwa, na usiweke jikoni.

Hatua ya 6: Kuisoma chupa

Weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa na umulike tochi ya simu kutoka ubavuni. Paramesia mkubwa hufikia karibu robo milimita, hivyo utawaona kama vumbi jeupe linalotembea, hasa karibu na uso wa maji. Chupa ikinuka udongo wa mvua, ni nzima. Ikinuka uozo, toa mchele mara moja na ubadilishe nusu ya maji kwa maji yaliyoanikwa.

Ongeza punje moja tu pale zile za kwanza zinapokuwa zimeyeyuka na maji yamekuwa maangavu kiasi cha kuonekana upande wa pili. Julai, baridi inapobana, wao huzaliana polepole. Nusu ya chakula inatosha.

Hatua ya 7: Kuhamisha

Kila baada ya wiki tatu au nne andaa supu mpya kwenye chupa ile tupu, ngoja siku mbili, utie vijiko vitano kutoka chupa ya zamani. Huyo Woodruff alianza na paramesia mmoja mwaka 1907, akawafikisha maelfu ya vizazi kwa kuwahamishia chakula kipya bila kukoma. Usimwage chupa ya zamani mpaka uwaone kwa macho katika mpya. Ukiimwaga, mwagia udongo wa maua, si mtaro wala mto, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 8: Kuwatoa safi kwa kuwatazama

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mimina maji ya chupa ya paramesia ndani ya chupa ya soda ya kioo mpaka shingo inapoanzia. Sukuma kipande cha pamba shingoni mpaka kiguse maji bila kuacha hewa katikati. Juu yake mimina taratibu maji safi yaliyoanikwa. Chini ya pamba oksijeni inapungua, juu ipo tele, na paramesia kwa asili yake hupenda kupanda; baada ya saa kadhaa watakuwa wameipenya pamba. Wavute juu kwa bomba la sindano lisilo na ncha.

Kabla ya kuweka tone kwenye slaidi, kile kipande cha kioo cha hadubini, tandaza nyuzi chache za pamba ili ziwe vizuizi, la sivyo watakupita mbio. Anza na ukuzaji wa mara 40, kisha 100. Mtafute aliyekwama kati ya nyuzi mbili, panda hadi 400, na utulie. Ndani yake utaona kifuko kinachong'aa kama nyota kikijaa polepole, kikibana, kikitoweka, kisha kikianza kujaa tena: anayatoa maji yanayomwingia mwilini, na anafanya hivyo saa zote, mchana na usiku, ndani ya chupa uliyomwekea dirishani.