Jinsi ya Kuusoma Msikiti wa Kale wa Mwambao

Wageni wengi wanaoingia katika msikiti wa kale wa pwani ya Afrika Mashariki huyaelekeza macho yao moja kwa moja kwenye nakshi za mihrabu, yaani kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, upande wa Makka, na kwa kufanya hivyo huikosa sehemu kubwa ya habari, kwa kuwa jengo lile lilipangwa kwa ajili ya mtu anayekuja kuswali na si kwa ajili ya mtazamaji. Ni bora kulifuata kwa mpangilio wa huyo mwenye kuswali, yaani kuanza na maji, kisha kibla na safu, na kuyaacha maandishi na mapambo mwishoni. Ikiwa msikiti bado unatumika, kama ule wa Kizimkazi Dimbani kusini mwa Unguja, omba ruhusa kwanza, vaa nguo za stara na epuka nyakati za sala.

Anzia kisimani. Udhu ni sharti la sala, kwa hiyo kisima na birika viliwekwa mahali ambapo mtu angepita kabla ya kufika ndani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa mwaka 1331, alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye milango yake visima vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu. Watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti, wakaosha miguu, kisha wakaifuta kwenye mkeka mzito uliotandikwa mlangoni. Katika magofu ya misikiti ya mawe, kama ya Gedi karibu na Malindi, tazama chini, kando ya birika, kama kuna jiwe la matumbawe lenye uso wa kukwaruza: hilo ni la kusugulia nyayo.

Pili, tafuta kibla. Kilwa, Unguja na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo mihrabu ya huku huelekea takriban kaskazini halisi. Mara nyingi kibla hicho huonekana hata kutoka nje, kwa sababu mgongo wa mihrabu hutokeza nyuma ya ukuta. Kwa hiyo zunguka upande wa kaskazini wa gofu lolote usilolitambua, na ukikuta kitokezo cha namna hiyo katikati ya ukuta, una sababu nzuri ya kuamini kwamba umesimama nyuma ya msikiti.

Sasa ingia ndani uzitazame nguzo, na hapa usiharakishe. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi pana, ndiyo maana vyumba vya mawe vya mwambao aghalabu havifiki upana wa mita tatu na ukumbi mkubwa hauna budi kujaa nguzo. Katika Msikiti Mkuu wa Gedi safu ya kati ya nguzo imeelekea kwenye mihrabu yenyewe na kuiziba isionekane na waliokaa nyuma. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kasoro ya fundi. Mimi naliona kwa namna nyingine: sala ya jamaa haimtaki kila maamuma, yaani anayeswali nyuma ya imamu, amwone imamu huyo, bali inataka safu zinyooke na takbiri isikike, na fundi aliyeyajua hayo hakuwa na sababu ya kuihangaikia nguzo.

Kilwa Kisiwani utaona jamii ilivyokua. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu ni ndogo na ya zamani zaidi, na kusini yake kuna upanuzi mkubwa ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala. Simama pale sehemu hizo mbili zinapokutana, ulinganishe ukubwa wake, kisha inua macho uone kuba za mawe na chokaa. Utajiri wa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya kale ya Msumbiji, ndio uliogharimia kazi hiyo, lakini haja ya nafasi ilitokana na Ijumaa, siku ambayo mji hukusanyika mahali pamoja.

Chunguza pia mawe, kwa macho tu. Kuta zimejengwa kwa matumbawe magumu ya nchi kavu, ilhali mihrabu na maandishi vilichongwa kwenye matumbawe laini yaliyotolewa baharini, ambayo hukatika kwa urahisi yakiwa mabichi na kukauka yakawa magumu. Matundu ya mviringo kwenye mihrabu au makaburi ni mahali palipobandikwa bakuli za China au Uajemi, ambazo nyingi zimeshang'olewa. Sanamu za viumbe hutaziona msikitini. Nafasi yake imechukuliwa na majani, maumbo ya kijiometri na maneno.

Maneno hayo yasome kwa tahadhari. Maandishi ya Kufi, mtindo wa kale wa mwandiko wa Kiarabu, kwenye ukuta wa kibla wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 Hijria. Ili kupata mwaka wa miladi kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622, nawe utapata 1107. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18, kwa hiyo tarehe ya jiwe usiifanye kuwa tarehe ya kila ukuta.

Mnara usiuchukulie kuwa kipimo cha ukubwa wa msikiti. Misikiti mingi ya kale ya mwambao haikuwa nao, na mwadhini alipanda ngazi hadi darini. Mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, kisiwani Lamu, uliojengwa mwaka 1829, ni wa zama za karibu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, linganisha mnara uliochongoka kama pia wa Msikiti wa Malindi, mtaa wa mji huo huo na si Malindi ya Kenya, na misikiti iliyo jirani ya Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu yaliyotoka Omani, ambayo kuta zake ni nyeupe na tupu, na mingi haina mnara kabisa. Upungufu huo wa mapambo haukutokana na uhaba wa fedha, kwani Waibadhi wa Omani ndio waliokuwa wakiutawala mji.