Namna ya Kulinganisha Rangi ya Kitambaa na Sampuli

Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa za kiwandani, kisha vikaachana waziwazi vinapotolewa juani. Hali hiyo, iitwayo metamerizimu, hutokana na jicho lenyewe: seli zake za kutambua rangi, yaani koni, ni za aina tatu tu, kwa hiyo mianga miwili inayozisisimua kwa kiwango kilekile huonekana kuwa rangi moja, hata kama dawa zilizotumika kutia rangi ni tofauti; mwanga wa kuzitazamia ukibadilika, ulinganifu huo huvunjika.

Ndiyo maana ukaguzi huanza na mwanga. Tumia kabati la taa lenye mwanga sanifu wa mchana, D65, wenye jotorangi (kipimo cha rangi ya mwanga) la takribani kelvini 6,500, na kuta zake ziwe za kijivu, kwa kuwa ukuta wa rangi huakisi rangi yake juu ya kitambaa. Zima taa nyingine zote, nawe usivae nguo ya rangi kali. Subiri dakika chache macho yazoee.

Panga sampuli na kitambaa kipya ukingo kwa ukingo pasipo pengo, nyuzi zikielekea upande mmoja. Kilicho chepesi kikunje mara kadhaa hadi kisipitishe mwanga, na kilichotoka kupigwa pasi kiache kipoe, kwani joto hubadilisha baadhi ya rangi. Amua ndani ya sekunde chache. Jicho lililokodolea nyekundu iliyokoza huona ukijani mahali usipokuwapo, hivyo lipumzishe kwa kutazama kijivu kabla ya kuendelea. Kisha rudia kazi nzima chini ya balbu ya kawaida na taa ya dukani: vikilingana chini ya D65 peke yake, mtia rangi hana budi kubadili dawa zenyewe, wala kuongeza kipimo hakutamsaidia.

Spektrofotometa, kifaa cha kupima mwanga unaoakisiwa na kitambaa, hutoa tofauti ya rangi kwa namba, iitwayo Delta E. Pima sehemu kadhaa, utafute wastani. Jihadhari na kanuni ya CIELAB ya mwaka 1976 ya kukokotoa namba hiyo, kwa sababu tofauti ya 2 kwenye njano kali huenda isionekane, ilhali kwenye kijivu huonekana upesi. Mimi napendelea kanuni mpya zaidi, CIEDE2000, iliyorekebisha kasoro hiyo.

Mkaguzi naye apimwe. Takribani mwanamume mmoja kati ya 12 wenye asili ya Ulaya huchanganya nyekundu na kijani, na jaribio la Ishihara, la kusoma namba zilizofichwa katika vitone vya rangi, humbaini. Lakini kwa kazi hii ongeza jaribio la Farnsworth-Munsell, ambalo humtaka apange vifuniko 85 kwa mfuatano wa rangi.