SOMO: Chakula kikavu cha kaa wa kombe (someni kabla ya kuuliza)

Kila wiki ni "nimpe nini kaa wangu?" Naandika mara moja tu, kwa mnaofuga nyumbani kaa huyu anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono.

Vipimo, kwa kijiko cha chakula, vyote vikiwa vimeshasagwa: dagaa wa Mwanza 4, uduvi 2, malenge au karoti 3, majani ya mlonge 2, maganda ya mayai 2, mwani 1.

1. Maganda: chemsha dakika 10, bandua ngozi ya ndani, anika, twanga.

2. Dagaa awe wa Mwanza. Wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi. Wa Mwanza naye ana mchanga, muoshe mara tatu. Uduvi onja, ukiwa na chumvi, loweka nusu saa, mwaga maji.

3. Malenge: kata kwa unene wa sarafu. Mlonge kausha kivulini.

4. KUANIKA. Hapa ndipo mnapoharibu. Kipande cha malenge hukauka juu huku ndani kina maji. Ukikisaga hivyo, unga unashikana, na baada ya siku chache unafungua kopo unakuta nyuzi nyeupe. Anika kwenye ungo, funika kwa chandarua, toka saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni ingiza ndani. Kilicholala nje kinanywa umande, unaanza upya. Siku mbili tatu zinatosha. Kivunje: kikikatika "ka!" tayari, kikipinda kirudi juani. Masika usitegemee jua, tumia oveni, moto mdogo kabisa, mlango wazi kidogo. Kipoe kabisa kabla ya kufunga, maana cha moto hutoa jasho ndani ya kopo. Kisha vipande, KABLA ya kusaga, vikae kwenye chupa ya kioo siku tano, ukitikisa kila siku. Kioo kikifanya umande, rudisha juani. Ukiona kuvu, tupa vyote. Usikwangue.

5. Twanga, changanya. Acha chengachenga, isiwe vumbi. Kaa anaokota kwa magando.

6. Kila kaa kibano kimoja cha vidole jioni. Mabaki toa asubuhi.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, dagaa wa Zanzibar hawafai?
— Hatua ya 2.

Mdau wa Tabata: Mbona hujaweka nazi? Wangu anaipenda sana.
— Swali zuri. Mafuta yake huchacha na kuharibu unga wote. Karanga vilevile. Mpe nazi mbichi pembeni, kipande cha ukubwa wa kucha, ukitoe asubuhi.

Mdau wa Ubungo: Nimefuata kila kitu, imeota kuvu.
— Chupa ulikaa nayo siku tano?
Mdau wa Ubungo: Nilikuwa na haraka.
— Basi hukufuata kila kitu.

Mdau wa Kigamboni: Wangu kajifukia wiki mbili, hali. Nimfukue nimlishe?
— Usimguse! Huenda anajivua gamba, na mkubwa anaweza kupitisha mwezi. Gamba la zamani atalila mwenyewe, ndiyo kalsiamu yake. Mchanga uwe na unyevu wa kushikana ukiufinya, maji yasidondoke. Bakuli la maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) na la maji ya bahari yabaki palepale. Chumvi ya mezani usimkorogee.

Mdau wa Kigamboni: Asante sana. Mfupa wa dome (yule wa jamii ya ngisi) ninaouokota ufukweni je?
— Unafaa kuliko maganda. Uloweke siku mbili, badilisha maji, anika, kwangua.

Mdau wa Tabata: Na paka? Ungo wa dagaa haumalizi saa moja hapa.
— Uning'inize kwenye kamba ya nguo, katikati, mbali na ukuta.