Kuchimba ngoro kwenye shamba la mteremko

Majina ya kilimo cha kutunza udongo yamebadilika: kilimo cha matuta, kilimo hifadhi, sasa kilimo ikolojia. Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, walikuwa na ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta pande zote nne, kabla ya majina hayo yote, na bado ndiyo njia ya kuaminika kwenye miteremko mikali.

Fyeka majani marefu mvua zikikaribia kwisha, Februari au Machi. Yaache yanyauke, kisha yalaze kwa mistari inayokatizana, utengeneze miraba ya mita 1.5 hadi 2 kila upande. Hapa usifanye ubahili wa majani: yakiwa machache, tuta halina uti wa kulishikilia na mvua kubwa hulipasua. Chimba katikati ya kila mraba, udongo uufunike juu ya majani pande zote nne. Panda maharage juu ya matuta mara moja.

Magugu ya palizi tupa shimoni yaoze. Mahindi hufuata mvua zijazo, kwenye matuta yaleyale. Tuta likipasuka, lizibe siku hiyohiyo. Maji ya shimo moja yakitoroka hujaza la chini yake, nalo hupasuka, hadi bondeni.