Kupanga chumba cha bei nafuu Makambako: anza na mita ya umeme, rangi baadaye

Mji mdogo una vyumba vingi kuliko vinavyotangazwa. Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya Iringa na Mbeya, mwenye nyumba mara nyingi hahangaiki na matangazo. Anamwambia muuza duka jirani, basi. Kwa hiyo usikimbilie dalali siku ya kwanza. Lala gesti siku mbili tatu, zunguka kwa miguu mtaa unaoutaka, uliza dukani, kwa mama ntilie, kwa fundi cherehani, kwa vijana wa bodaboda. Ukikosa, ndipo umwite dalali. Ujira wake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai hela ya kukuonyesha. Hiyo mpatane kabla hamjaanza kutembea, tena iwe moja kwa vyumba vyote vya siku hiyo.

Piga hesabu ya pesa ya kuingilia, si kodi ya mwezi peke yake. Tuseme chumba ni 40,000. Akitaka ya miezi 6 ni 240,000, weka udalali 40,000, tayari 280,000 na hujanunua hata kitasa. Wengi hubishania bei wakaangushiwa 2,000. Bishania miezi: kutoka 6 hadi 3 umebaki na 120,000 mfukoni, na kama nyumba ina matatizo hujajifunga nusu mwaka.

Chumba kikague mara mbili, mchana na usiku. Mchana fungua bomba uone maji yanatoka kweli, kisha umuulize mpangaji (si mwenye nyumba) mgao wa maji ni siku zipi na kama kuna tangi. Tazama ukuta chini, kimo cha goti: rangi mpya sehemu hiyo tu mara nyingi inaficha unyevu. Bonyeza kwa kidole. Plasta ikimomonyoka, achana nacho. Makambako kuna baridi na upepo, hivyo chungulia pengo kati ya ukuta na bati, na kama madirisha yana vioo au nyavu tupu. Usiku utasikia malori. Choo cha nje kiulizie lini kilinyonywa na nani alilipa.

Sasa umeme, maana hapa ndipo "bei nafuu" inapogeuka. Omba kuona risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Shilingi 1,000 ikitoa takribani uniti 8.2, mita iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Ikitoa 2.8, mita imeshahamishiwa kundi la juu, na sababu mara nyingi ni moja: vyumba vinne vitano vinachangia mita moja, kila mmoja anatumia kidogo lakini jumla inapita 75. Mtu wa uniti 40 kwa mwezi atalipa kama 4,900 kwenye mita ya kwanza, na zaidi ya 14,000 kwenye ya pili. Chumba cha 45,000 chenye mita yake ni nafuu kuliko cha 40,000 cha kuchangia, na hapo hatujagusa ugomvi wa nani ana friji na nani ana pasi. Ila usipimie risiti ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa hiyo hukatwa kodi ya jengo na uniti zinapungua. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kama unanunua umeme wewe, mkubaliane irudishwe kwenye kodi ya pango.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha anayepokea ndiye mwenye nyumba. Nyumba za urithi ndizo zenye balaa: unamlipa kaka mtu, mwezi wa pili anatokea dada mtu na daftari lake. Waulize majirani wawili kwa nyakati tofauti, kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, atakuambia nyumba ni ya nani na kama ina kesi. Anayekuharakisha kwa "kuna mtu anakuja kulipia jioni" mwache huyo mtu alipie.

Mkataba uandikwe nakala mbili, hata kwenye karatasi ya daftari: majina kamili, namba za vitambulisho, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji, taka na kunyonya choo, na taarifa ya kuhama ni ya muda gani. Shahidi mmoja kila upande, na saini ya mwenyekiti. Lipa kwa simu au benki ili kumbukumbu ibaki. Ukilipa taslimu, udai risiti palepale.

Siku ya kuhamia, kabla ya kushusha godoro, piga picha ya mita ya umeme na ya maji, nyufa na vioo vilivyovunjika, umtumie mwenye nyumba picha hizo hapohapo. Kisha badilisha kitasa. Cha zamani kiweke, umfungie siku unahama.