Kumfundisha mkaangaji wa chipsi apunguze mafuta

Jamani ukienda kumfundisha mtu wa chipsi usianze na lecha ya afya, atakusikiliza dakika mbili halafu arudi kwenye karai lake. Anza na mafuta maana ndo hela yake inapopotelea. Mwambie akate viazi vinene kidogo, kama milimita 12 hivi, chipsi nyembamba zinanyonya mafuta mengi kwa sababu sehemu inayogusana na mafuta ni kubwa.

Halafu moto. Hapa ndo wengi wanachemka, wanakisia kwa macho tu! Mpe kipimajoto, mafuta yawe nyuzi 175 mpaka 180, na asijaze kikapu, nusu inatosha, ukirundika viazi joto linashuka ghafla na chipsi zinatoka zimelegea, zimelowa, ukizishika vidole vyote vinang'aa.

Sasa kitu ambacho huwa naking'ang'ania: zikiiva apige kikapu kwa nguvu mara mbili, kisha akining'inize sekunde 20 juu ya mafuta. Mwonyeshe kwa vitendo, weka sahani chini ya kikapu aone mwenyewe yale matone yanavyojikusanya, hapo habishi tena.

Rangi iwe ya dhahabu, zikiwa kahawia akrilamaidi (kemikali inayodhaniwa kuleta saratani, hujitengeneza viazi vikikaangwa) inaongezeka. Mafuta achuje kila siku, yakitoa povu na harufu kali amwage tu (najua inauma). Chumvi aweke kidogo, mteja akitaka zaidi ataongeza mwenyewe.